Kadi ya Bima kwa Mzee Aliyetoka Vitani

Bima ya afya haitamtibu baba yako jeraha alilolipata Kapoeta mwaka 1992. Nalisema mapema kwa sababu familia nyingi za Juba huligundua mwishoni, dola zikiwa zimeshalipwa, kadi imeshatoka, mzee ameshafikishwa hospitali, na karani wa mapokezi anarudi kusema kampuni imekataa: maradhi yalikuwepo kabla ya mkataba. Hapo lawama huanza. Kampuni wezi, wakala tapeli. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi mkataba ulisema hivyo tangu siku ya kwanza, kwa herufi ndogo, na hakuna mtu nyumbani aliyeusoma hadi mwisho.

Nawaandikia hasa watoto wa wapiganaji wa zamani, ninyi mliosoma Kakuma, Nakuru, Arua au Kampala, mkarudi Juba na vyeti na Kiswahili, na sasa kila mzee akiugua simu inaita kwenu. Wazee wenyewe wakipata nafasi ya kusoma, karibuni. Ila najua uamuzi wa kununua bima siku hizi hufanywa na mwenye mshahara wa dola, na mara nyingi huyo ni binti au kijana wa miaka thelathini na kitu aliyeajiriwa kwenye shirika. Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja: jeraha la zamani litafutiwe mlango wake, na bima inunuliwe kwa ajili ya ugonjwa ambao haujafika. Ukiyachanganya mawili hayo utalipa kila mwaka na kulalamika kila mwaka.

Milango ya jeraha la zamani ipo, na inafaa kuihesabu kabla ya kununua chochote cha ziada. Katiba ya Mpito ya 2011, kifungu cha 31, inaahidi kila raia huduma ya msingi ya afya na huduma ya dharura bila malipo. Ahadi ni ahadi. Aliyewahi kuuguza mtu Hospitali ya Mafunzo ya Juba anajua kwamba dawa zikikosekana ndani, ndugu hutumwa kuzinunua nje ya geti. Hata hivyo daktari yupo, na kumwona hakuhitaji kadi. Askari ana Hospitali ya Kijeshi, ambako madaktari wa upasuaji wamezoea risasi na vipande vya bomu kuliko daktari yeyote wa kliniki binafsi yenye viyoyozi. Kwa mguu wa bandia, magongo na kiti cha magurudumu kuna kituo cha viungo cha Juba kilicho chini ya wizara inayoshughulikia jinsia na ustawi wa jamii, ambacho Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekisaidia kwa miaka mingi. Huko ndiko pa kwenda, maana mguu wa bandia si kitu cha kununua mara moja. Unachakaa, na kigutu chenyewe hubadilika umbo mtu anapokonda au kuzeeka, hivyo kila baada ya miaka michache unatakiwa mwingine. Mikataba mingi ya bima ama haigusi viungo bandia kabisa, ama hutenga kiasi kidogo kisichotosha hata nusu ya mguu mmoja. Kwa mtoto wa jicho, kituo cha macho cha Buluk kimesaidia wazee wengi kuona tena. Na kuna Tume ya Walemavu wa Vita, Wajane na Yatima. Hata kama haikupi kitu leo, jina la mzee liwe kwenye daftari lake, kwa sababu msaada wowote utakaokuja utaanza na walioandikwa.

Najua baadhi ya wazee wanaona haya. Aliyekuwa kamanda wa kikosi hataki kukaa benchi moja na aliyekuwa mbeba risasi wake, akisubiri kuitwa. Hilo ni suala la heshima na sitalidharau, lakini msilitatue kwa kumnunulia kadi ya dola mia kadhaa ambayo haitafanya kazi hiyo. Mpelekeni asubuhi mapema, kijana mmoja ashike foleni, mzee akae kwenye gari hadi zamu yake ifike.

Jambo jingine la kuhakikisha kabla ya kukanyaga ofisi ya bima: je, mzee amestaafu kweli? Wengi wa kizazi cha SPLA hawajawahi kupewa barua ya kustaafu. Jeshi lilibadilishwa jina mwaka 2018 likawa SSPDF, lakini orodha ya mishahara ilibaki na watu wenye mvi, kwa kuwa kwao mshahara ndio pensheni. Mzee anaweza kukaa nyumbani Gudele mwaka mzima akilea wajukuu, na bado kwenye karatasi ni luteni kanali aliye kazini. Kampuni nyingi humhesabu askari aliye kazini kuwa mtu wa hatari kubwa, nyingine humkataa moja kwa moja, na fomu ina swali la kazi. Ukiandika “mfanyabiashara” ilhali jina lake liko kwenye orodha ya jeshi, umewawekea akiba sababu ya kukataa dai lako siku utakapolihitaji zaidi. Andika ukweli: yuko kwenye orodha, hana majukumu ya mapigano tangu mwaka fulani. Kisha omba jibu lao kwa maandishi.

Hapo hapo tafuta kifungu cha vita. Karibu kila mkataba wa bima ya afya huondoa majeraha yatokanayo na vita, uasi, mapinduzi na ghasia. Mtu wa Dar es Salaam huruka ukurasa huo bila hasara. Mtu aliyekuwa Juba wakati wa mapigano ya Desemba 2013 au Julai 2016 hawezi kuuruka. Soma maneno yake kwa makini: anayeondolewa ni yule aliyeshiriki mapigano, au hata raia aliyepigwa na risasi iliyopotea akiwa kitandani? Kampuni nyingine hukubali kumlinda asiyeshiriki. Nyingine huuza ulinzi wa machafuko ya kisiasa kwa malipo ya pembeni. Na kwa baba ambaye bado yuko kwenye orodha, neno “kushiriki” linaweza kugeuzwa dhidi yake hata kama siku hiyo alikuwa sebuleni amevaa kanzu. Mwulize wakala swali hilo kwa mfano huo huo wa kanzu na sebule. Akicheka bila kujibu, nenda kwa mwingine.

Sasa maradhi ya awali, ambayo ndiyo moyo wa mkataba wowote wa mzee. Presha na kisukari ndivyo vinavyowaua wapiganaji wetu wa zamani polepole, baada ya risasi kushindwa. Kampuni hushughulikia maradhi hayo kwa njia tatu. Nyingine huyaondoa moja kwa moja. Nyingine huweka kipindi cha kusubiri, mara nyingi mwaka mzima au zaidi, ndipo zianze kulipa. Na nyingine huyakubali tangu mwanzo lakini kwa kikomo kidogo kilichofichwa ndani ya kikomo kikubwa: kadi imeandikwa maelfu ya dola, ila kwa maradhi sugu utapata sehemu ndogo tu ya hizo. Hii ya tatu ndiyo inayowadanganya watu wengi, kwa sababu wakala hutangaza namba kubwa. Mwambie akuonyeshe jedwali la vikomo vya ndani, na uangalie mstari wa maradhi sugu, wa macho na meno, wa tezi dume, wa afya ya akili. Huu wa mwisho msiuone aibu. Mzee anayeamka usiku akipiga kelele, au asiyeweza kukaa chumba chenye mlango uliofungwa, ana maradhi yenye tiba. Ila mikataba mingi huyapa fungu dogo, au haiyapi kitu.

Je, mfiche ugonjwa ili apite? Nimeshasikia ushauri huo ukitolewa na mawakala wenyewe, na ni ushauri mbaya. Wakala hulipwa siku unaponunua. Kampuni huchunguza siku unapodai. Daktari wa Kampala ataandika kwenye faili “mgonjwa ana presha tangu 2009”, kwa sababu mzee mwenyewe atamwambia, na maandishi hayo ndiyo yatakayovunja mkataba. Kuna sababu nyingine inayowahusu wapiganaji peke yao. Mzee mwenye vipande vya chuma mwilini anaweza kuumizwa vibaya na kipimo cha MRI, kwa kuwa mashine hiyo ni sumaku yenye nguvu kubwa na inaweza kusogeza chuma kilichotulia miaka thelathini karibu na jicho au uti wa mgongo. Daktari ambaye hajaambiwa hawezi kujua. Pigeni picha ya eksirei sasa, mzee akiwa mzima, wekeni nakala kwenye simu za watoto wawili au watatu, na mwandike kwenye karatasi moja mahali chuma kilipo. Karatasi hiyo itafaa kwa daktari na itafaa kwa bima pia: kilichotajwa mapema hakiwezi kuitwa udanganyifu.

Baada ya kuondoa yote hayo, kinachobaki ndicho cha kununulia bima: kiharusi cha ghafla, moyo, figo, saratani, ngiri iliyojinyonga, ajali ya bodaboda barabara ya Gudele. Kwa mambo haya ninapendelea mkataba wa kulazwa na upasuaji wenye kikomo kinachoeleweka, bila sehemu ya wagonjwa wa nje. Najua familia hupenda sehemu hiyo kwa sababu kadi inaonekana ikifanya kazi: malaria, homa ya matumbo, vidonge. Piga hesabu kwanza. Tuseme vidonge vya presha na vipimo vinakugharimu dola 25 kwa mwezi, yaani 300 kwa mwaka, na kampuni inataka dola 400 zaidi ili kumwongeza mzee huduma ya nje. Unalipa 400 kununua 300, na juu yake unaongezewa foleni ya kibali. Weka dola 300 hizo pembeni, dawa zisikatike hata wiki moja, na kadi ibaki ya mambo makubwa. Dawa zisizokatika zitamwepusha na kiharusi, jambo ambalo hakuna kadi inayoliweza.

Kadi itatumika wapi? Orodha ya hospitali za Juba iangalie, lakini usiishie hapo. Sudan Kusini haina tiba ya mionzi, na wagonjwa wetu wengi wa saratani huishia Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, iliyofunguliwa mwaka 1967. Upasuaji mkubwa wa moyo na mgongo nao hufuatwa Kampala, Nairobi, Khartoum ya zamani kabla ya vita vya Aprili 2023, Kairo au India. Basi mkataba unaoishia mpaka wa Nimule ni nusu mkataba. Uliza mambo matatu, na uyaulize kwa jina la hospitali, si kwa jina la nchi. Je, hospitali fulani ya Kampala inaipokea kadi hii moja kwa moja, au mtalipa taslimu na kudai baadaye? Nani hutoa barua ya dhamana ya malipo, kwa muda gani, na Jumapili usiku anapatikana kwa simu ipi? Ndege ya wagonjwa imo, au ni tiketi ya kawaida tu? Usafiri wa ndege ya wagonjwa kutoka Juba unagharimu maelfu ya dola, na mara nyingi lazima uidhinishwe kabla ya kuruka. Ukiikodi mwenyewe kwa hofu, utabaki na risiti mkononi.

Wapo wanaonunua uanachama wa ndege ya wagonjwa peke yake. AMREF Flying Doctors, iliyoanza mwaka 1957 na kuruka kutoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi, huuza uanachama wa mwaka. Si wazo baya kwa mzee aliyekataliwa bima kwa sababu ya umri, mradi uelewe vitu viwili: uhakikishe Sudan Kusini imo kwenye daraja unalolinunua, na ukumbuke kwamba uanachama hulipia ndege, si kitanda. Mgonjwa akishushwa Nairobi, hospitali itataka amana yake pale pale.

Tuje kwenye fedha. Bima za Juba hutajwa kwa dola, na mshahara wa jeshi ni wa pauni. Desemba 2015 Benki Kuu ilipoiachia pauni ijitafutie bei, dola moja iliruka kutoka karibu pauni 3 hadi zaidi ya 18, na tangu hapo imefika maelfu. Februari 2024 bomba la mafuta yetu linalopita Sudan likapasuka, na mishahara iliyokuwa tayari inachelewa ikazidi kuchelewa. Kwa hiyo bima ya mzee isitegemee mshahara wake. Mkataba wa kulipa kwa awamu ni mtego hapa: awamu moja ikipita tarehe, kadi inafungwa, na ukiifufua baada ya muda wanaweza kuanza kuhesabu kipindi cha kusubiri upya, kana kwamba presha ya baba imezaliwa jana. Lipa mwaka mzima kwa mkupuo fedha inapopatikana. Weka tarehe ya kuhuisha kwenye simu ya watu wawili, miezi miwili kabla.

Kwa ndugu mlioko Melbourne, Omaha au Calgary, nina neno. Msitume fedha ya bima nyumbani. Fedha ikifika Juba huwa na wajomba wengi: kuna mazishi, kuna mahari, kuna ada ya shule ya mtoto wa binamu, na yote ni ya haki. Mlipe kampuni moja kwa moja, risiti iandikwe jina la mzee, nakala ije kwa mtoto aliyeko Juba. Mzee hatapenda. Ataona mnamtoa mikononi jambo lake. Mwelezeni kwa adabu, kupitia shangazi au mtu wa rika lake ikibidi.

Njia ya kuingilia ni muhimu kuliko jina la kampuni. Juba kuna kampuni zenye mizizi Kenya, kama UAP Old Mutual, iliyojenga jengo refu la Equatoria Tower, na CIC ya vyama vya ushirika. Zipo na za wenyeji. Sitakuambia ipi ni bora, kwa kuwa kampuni ile ile humtendea vizuri mwenye mkataba wa kundi na kumbana anayekuja peke yake. Mzee wa miaka 63 akienda dirishani mwenyewe atapewa fomu ndefu, atapimwa, na pengine atakataliwa. Akiingia kama mtegemezi kwenye mkataba wa kazi wa mtoto wake, mara nyingi hapimwi, na maradhi ya awali hukubaliwa kwa masharti mepesi zaidi. Mikataba mingi ya mashirika humhesabu mke au mume na watoto tu. Lakini afisa wa rasilimali watu anaweza kuomba wazazi waongezwe kwa gharama ya mfanyakazi, na wakiomba wafanyakazi kumi kwa pamoja kampuni husikiliza. Fanyeni hivyo wakati mkataba wa ofisi unapohuishwa, si katikati ya mwaka. Na mkumbuke kwamba kazi ya shirika hukoma mradi unapokwisha. Ulizeni kabla kama mzee anaweza kuhamishiwa mkataba binafsi bila kuanza moja.

Hapa litazuka suala la wake. Mkataba wa kawaida unamjua mke mmoja na watoto kadhaa. Mpiganaji wa zamani ana wake wawili au watatu, pengine na mjane wa kaka yake aliyemrithi kwa mila. Ukimwandika mmoja bila kikao, umewasha moto nyumbani. Nijuavyo mimi, suluhisho lisiloleta ugomvi ni kumwandika mzee peke yake kwenye kadi, na akina mama kuwekewa akiba ya pamoja.

Akiba hiyo tunaijua tayari: sanduku. Akina mama wa soko la Konyo Konyo wanaliendesha kila wiki, wala hawana haja ya somo kutoka kwangu. Ninachopendekeza ni sanduku la matibabu lililotengwa na lile la kupokezana, lenye watunza fedha wawili, likiwekwa kwa dola au kwenye kitu kisichoyeyuka na pauni, na lenye sharti moja lililoandikwa: linalipia amana ya hospitali na usafiri, basi. Hospitali binafsi nyingi hutaka amana kabla ya kugusa mgonjwa, hata mwenye kadi, kama barua ya dhamana haijafika. Saa zile za kusubiri barua ndizo sanduku linazozinunua. Zaidi ya hayo, kundi la wapiganaji wa zamani wa mtaa mmoja, thelathini au hamsini, lililoandikishwa rasmi na lenye sanduku linaloeleweka, linaweza kwenda kwenye kampuni kuomba mkataba wa kundi, kitu ambacho mzee mmoja mmoja hakipati.

Familia zilizogawanyika kati ya Juba na Kenya zina njia nyingine ambayo haitangazwi na wakala yeyote, kwa sababu haina faida kwake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Kenya imeacha mfuko wake wa zamani wa bima ya afya, NHIF, na kuingia mpya, SHA. Sheria yake inamruhusu mgeni anayeishi Kenya kihalali kwa zaidi ya miezi kumi na miwili kujiandikisha. Ni bima ya jamii: haimfungii mlango mzee kwa umri, na kisukari chake cha zamani hakimwondoi. Mchango ni asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo kulingana na makadirio ya kipato cha nyumba. Kama mama anaishi Eldoret na watoto wa shule, na mzee yuko naye zaidi ya mwaka, ana kitambulisho cha mgeni au cha mkimbizi, basi mwandikisheni. Bima hiyo haitamfuata Juba, na hospitali binafsi za Kenya zimekuwa zikilalamikia madeni ya mfuko, kwa hiyo ulizeni hospitali ya karibu kama inaipokea kabla ya kuitegemea. Uganda hali ni nyingine: hospitali za serikali ziliondoa ada mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia, na muswada wa bima ya taifa uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haukutiwa saini kuwa sheria.

Wapo wachache waliovaa magwanda mawili. Kati ya vijana karibu 3,800 wa Sudan waliopelekwa Marekani kuanzia mwaka 2000, baadhi waliingia jeshi la huko, na wengine sasa wanarudi Juba. Kwao maneno ni machache. Medicare, bima ya serikali ya huko, hailipi matibabu ya Juba. Lakini aliyestaafu jeshi la Marekani kwa utumishi kamili asiache kulipia Sehemu B ya Medicare, hata akiona haina kazi hapa, kwa kuwa bila hiyo atapoteza bima ya wastaafu wa jeshi, TRICARE for Life, ambayo hulipa nje ya nchi. Na jeraha lililothibitishwa kuwa la utumishi hulipiwa popote duniani na mpango wa idara yao ya maveterani uitwao Foreign Medical Program.

Hayo yanaonyesha pia kwamba jambo hili si la familia peke yake. Rwanda ilianzisha bima yake ya kijeshi, MMI, kwa sheria ya mwaka 2005. Kenya ina mfuko wa matibabu wa wanajeshi wastaafu uitwao DEFMIS. Nchi iliyozaliwa na askari wake ilipaswa kuwa ya kwanza kuwa na mfuko wa namna hiyo. Wabunge wetu wengi ni wapiganaji wa zamani. Wanajua njia ya kufika hospitali za Nairobi, na wanajua wenzao waliobaki Bilpam na Mangalla hawaijui.

Karatasi zisipolingana, yote haya hayafai kitu. Jeshini mzee aliandikwa jina moja kwa herufi za Kiarabu, cheti cha uraia kina jingine, pasipoti ina la ubatizo, na kote tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari. Karani aliyechagua mwaka alikuwa anakisia. Mwaka huo wa kukisia sasa ndio unaopanga bei ya bima na kuamua kama atapokelewa. Chagueni hati moja, iliyo sahihi zaidi, kisha fomu za bima, akaunti ya pesa za simu ya m-GURUSH na kadi ya hospitali zote zifuate hiyo. Tofauti ikiwa kubwa, pateni hati ya kiapo mahakamani kabla ya kuomba bima, kwa sababu kampuni haitaipenda ikiletwa siku ya dai.

Na umri ndio unaonifanya niharakishe. Kampuni nyingi za ukanda huu humpokea mtu mpya hadi miaka 60 au 65, ingawa aliyeingia mapema huruhusiwa kuendelea kuhuisha miaka mingi baadaye. Mpiganaji wa Anyanya aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1965 sasa hana mlango wa bima binafsi. Kwake nguvu ziende kwenye hospitali ya kijeshi, sanduku na dawa. Aliyekuwa na miaka 20 uasi wa Bor ulipolipuka Mei 1983 alitimiza 60 mwaka 2023, na muda wake unahesabika kwa miezi. Lakini wale wa Jeshi Jekundu, waliopelekwa Ethiopia wakiwa watoto mwishoni mwa miaka ya 1980, leo wako karibu na miaka 50, wana nguvu, wanadhani bima ni ya wazee. Kama wewe ni mmoja wao, au baba yako ni mmoja wao, usisubiri mwaka ujao: nenda ukaandikishwe sasa, kabla presha haijaandikwa kwenye faili lolote.